MOTOKAA KUBWA NA MSIMU MDOGO

Wanachama wenzangu,

Tangu karafuu za msimu huu zianze kuanikwa, barazani hapazungumzwi tena bei ya makonyo wala upungufu wa wachumaji. Pazungumzwa motokaa. Na jambo hili halikubaki barazani, maana karatasi imekwisha kuletwa ofisini, imetiwa saini na wanachama kadhaa, nayo yaomba mkutano mkuu ujao ukubali kwamba mfuko wa Chama uwakopeshe wanachama fedha za kununulia gari za familia, na walipe kwa misimu miwili. Kamati itasema yake siku hiyo. Haya ninayoandika ni maoni yangu mwenyewe, na mwenye maoni mengine ukurasa huu ni wake pia.

Kwanza tufahamiane ni gari gani inayotakwa. Si Land Rover, wala si pikapu ya kuchukulia magunia. Ni ile gari ya chini, ndefu, ya milango minne na buti kubwa nyuma, ambayo wazee wetu waliijua kwa majina ya Vauxhall, Austin na Peugeot, na leo twaijua kwa majina ya Toyota: Mark II, Crown, Brevis, Mark X. Ni gari ya heshima. Bwana harusi hupandishwa humo, na mgonjwa hulazwa kiti cha nyuma akakunjua miguu. Sina ugomvi nayo hata kidogo.

Pahali nilipojifunza khabari zake ni Sumbawanga, kwa hivyo msishangae Katibu wa chama cha karafuu akiwapandisha mpaka nyanda za juu za Ufipa, ambako mkarafuu haumei. Shemeji yangu ana duka huko, kama walivyo vijana wengi wa kwetu waliotawanyika katika miji ya Bara, na mwaka huu nilikaa kwake wiki tatu. Watu wa kule ni wakulima kama sisi. Sisi twangoja karafuu, wao wangoja mahindi, maharage, ngano na ulezi. Fedha huwajia kwa mkupuo baada ya mavuno, na zikija, kinachoshindana na karo za watoto na mabati ya nyumba ni motokaa. Wametutangulia katika jambo hili, na faida na khasara zake wamekwisha kuziona kwa macho yao.

Zamani gari ya chini haikuwa na kazi Ufipa. Mji wa Sumbawanga uko zaidi ya mita 1,700 juu ya bahari, na kutoka Tunduma, mpakani mwa Zambia, ni kilomita 224 hivi, ambazo zote zilikuwa njia ya udongo na changarawe. Mvua zikianza kukolea, mwenye haraka alipanda Land Rover, na asiyekuwa na haraka alilala juu ya magunia ya lori akasubiri kukwamuliwa. Mwaka 2008 Tanzania na Marekani zilitia saini mkataba wa Millennium Challenge wa dola milioni 698, na humo ndimo zilimotoka fedha za kutia lami njia ya Tunduma, Laela mpaka Sumbawanga. Mkataba huo huo ndio uliojenga barabara tano za vijijini hapa Pemba, kwa hivyo sisi na Wafipa tumekula sahani moja bila ya kujuana. Lami ilipofika, motokaa kubwa zikapanda mlimani. Leo mjini Sumbawanga utaziona zimepangwa mbele ya maduka, na pembeni yake umepita mkokoteni wa ng'ombe umebeba mahindi, na hapana anayeona ajabu.

Nilipopita zinapouzwa gari niliona jambo lililonitatiza. Palikuwa na Brevis moja nyeupe, ndefu, viti vyake vya ngozi, ikiuzwa kwa fedha kidogo kuliko IST iliyosimama ubavuni mwake, ambayo ukiilinganisha nayo ni kama kifaranga kwa mama yake. Mwenye kuuza hakunieleza sababu. Aliyenieleza ni fundi aliyekuwa akifanya kazi yake chini ya mkaratusi. Alisema gari kubwa ikiwa rahisi kuliko ndogo, maanaake watu wameikimbia, na wameikimbia kwa sababu mbili: kiu yake ya petroli, na injini ya D4.

Hii D4 wengi wetu twaisikia tu kwa jina, basi yafaa tuielewe. Katika injini za kawaida petroli hupulizwa nje ya silinda, ikachanganyika na hewa kabla ya kuingia. Katika D4 hupulizwa ndani ya silinda yenyewe kwa nguvu kubwa sana, kwa pampu yake ya peke yake. Wajapani waliitengeneza ili iokoe mafuta, na kwao yaokoa, kwa kuwa petroli yao ni safi na gari zao hutunzwa kwa tarehe. Huku kwetu petroli ikiwa na maji au taka, ile pampu na nozeli zake ndizo zinazoumia mwanzo. Tena vali za kuingizia hewa, kwa kuwa haziguswi na petroli ikaziosha, hujaa masizi. Gari ikawa yatetemeka ikisimama, nzito mlimani, na badala ya kuokoa mafuta ikayanywa zaidi. Fundi wa kuijua vizuri ni wachache, na pampu mpya ni fedha nyingi.

Akanifundisha kusoma kibati kilichopo ndani ya boneti, na elimu hii naitoa bure kwenu. Mark II za miaka ya 2000 mpaka 2004 zafanana sura, lakini iliyoandikwa GX110 ina injini ya 1G, ya lita mbili, silinda sita katika mstari mmoja, na petroli yake hupulizwa kwa njia ya zamani. Iliyoandikwa JZX110 ina injini ya lita mbili na nusu, na nyingi katika hizo ni D4. Brevis zote ni D4. Mark X iliyotoka mwaka 2004 ikaendelea mpaka 2009, inayoanza kwa herufi GRX, nayo ni D4. Basi mtu akikuambia ana Mark II ya kuuza, usiulize rangi. Uliza herufi zilizo mbele ya namba.

Wafipa wenye akili hununua GX110 au ile iliyoitangulia, GX100, hata ikiwa imezeeka, kwa kuwa kila fundi wa Sumbawanga, Laela na Namanyere aijua, na spea zake zipo dukani, mpya na za mkononi. Katika jambo hili hapana jipya. Wazee wanaikumbuka Peugeot 404, iliyoshinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1963, kisha ikashinda miaka mitatu mfululizo, 1966, 1967 na 1968, katika vumbi na matope ya nchi zetu. Ushindi ulimpa sifa, lakini kilichomweka barabarani miaka mingi baadaye ni kwamba hata katika mji mdogo alikuwapo mtu wa kumfungua na kumfunga.

Sasa, je, mtu wa Ufipa anayenunua injini kubwa anafanya israfu? Mimi nasema hapana. Hewa ya juu ni nyepesi, na injini isiyokuwa na taibo hupoteza kiasi cha sehemu moja katika kumi ya nguvu zake kwa kila mita 1,000 za kupanda. Kwa Sumbawanga hiyo ni karibu ya sehemu moja katika sita, imekwenda bure kabla ya kupakia mtu. Tena mbali. Mgonjwa akiandikiwa kwenda Hospitali ya Rufaa ya Mbeya ni kilomita 330 hivi. Mwenye shughuli Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 1,100. Safari kama hizo ukiwa na mama mgonjwa na watoto wawili, gari ndefu, nzito, iliyotulia njiani, si fakhari bali ni huruma.

Lakini sisi? Kisiwa chetu chote kina urefu wa kilomita 67 hivi. Mgonjwa wa Wete akipelekwa Hospitali ya Abdalla Mzee, Mkoani, hata dereva awe mwenye pole, hafikishi nusu siku njiani. Hatuna mlima wa kupunguza hewa. Tulicho nacho ni chumvi ya bahari, ambayo Ufipa hawaijui, na chumvi hula bodi kubwa kama inavyokula ndogo. Na mvua ikinyesha, njia za mashambani kwetu ni utelezi, na Mark II ya kawaida husukumwa na magurudumu ya nyuma, tumbo lake halifiki mbali zaidi ya sentimita 15 kutoka chini. Nimeona Ufipa magari haya yakiachwa penye lami, na mwenyewe akaendelea kwenda nyumbani kwa bodaboda. Wallahi, gari ya heshima iliyolala njiani na mwenyewe amelala kwake ni heshima ya nusu.

Liko na neno jingine, nalo silisemi kwa mzaha. Kwa sheria gari hii ni ya watu watano. Nani katika waliotia saini ile karatasi ana nyumba ya watu watano?

Tuje kwenye hesabu, maana hapo ndipo penye moto. Gari ya lita mbili na nusu, kwa njia za mchanganyiko, tuseme lita moja yaipeleka kilomita 8. Gari ya lita moja na nusu, lita hiyo yaipeleka 13 au zaidi. Mtu akitembea kilomita 1,000 kwa mwezi, kubwa itakunywa lita 125, na ndogo kama lita 75. Tukifanya lita ni shilingi 3,000 ili hesabu iwe nyepesi, tofauti ni shilingi 150,000 kwa mwezi, na kwa mwaka ni 1,800,000. Sasa igeuze iwe karafuu. Kwa bei ya shilingi 15,000 kwa kilo ya daraja la kwanza, ile iliyofikiwa Serikali ilipopandisha bei mwaka 2011, hizo ni kilo 120 kavu. Na kila kilo kavu yatoka katika kilo tatu hivi za mbichi, kwa hivyo ni kilo 360 zilizopandiwa mtini, zikachumwa, mchumaji akalipwa kwa pishi, zikachambuliwa, zikaanikwa na kuanuliwa kila wingu likitanda. Zote hizo si za kuendeshea gari. Ni za ile tofauti tu kati ya kubwa na ndogo. Mfipa naye, kilo ya mahindi ikiwa shilingi 500, tofauti hiyo kwake ni magunia 36 ya kilo mia mia.

Ya ununuzi wenyewe yana mlango wake. Mpya kabisa sina maneno mengi juu yake. Sumbawanga sikuona mkulima hata mmoja aliyenunua gari ya chini mpya, na sijui mwanachama wetu mwenye mikarafuu ya kutosha kwa bei yake. Basi ni iliyotumika, na hiyo ni ya namna mbili: ya kuagiza Japani, au ya kununua kwa mtu.

Wajapani huziuza rahisi kwa sababu kwao gari mpya hukaguliwa na Serikali ikitimiza miaka mitatu, kisha kila miaka miwili, na ukaguzi wenyewe ni ghali, kwa hivyo wengi huona afadhali wauze. Lakini bei ya Japani si bei ya gari. Kwa kodi za Bara za miaka hii ya karibuni, chukua gari iliyopindukia miaka kumi, yenye injini ya zaidi ya lita mbili, ambayo thamani yake pamoja na nauli ya meli na bima ni shilingi 100. Ushuru wa forodha 25 katika mia, yawa 125. Juu ya hiyo ushuru wa bidhaa 10 katika mia na nyongeza ya uchakavu 30 katika mia, yawa 175. Juu ya hiyo kodi ya ongezeko la thamani 18 katika mia, yafika 206 na nusu, na bado ada ndogo ndogo, na bado kuiendesha kutoka bandarini mpaka Ufipa. Tena thamani hiyo si ile ya risiti yako. Watu wa kodi wana daftari lao la thamani na ndilo wanalolifuata. Mwenye mtoto Bara anayetaka kuagiza amwambie hayo. Na wa kisiwani aende Forodhani apate hesabu ya huku kwetu kwa maandishi, kabla hajapeleka arbuni hata senti.

Sisi tuliosoma vyuoni twajua kwamba katika madhehebu ya Imam Shafi kununua kitu usichokiona kuna maneno mazito, na kwamba muuzaji aliyeficha aibu ya kitu amempa mnunuzi haki ya kukirudisha. Hukumu yake waulizwe masheikh, si Katibu. Mimi nauliza la kidunia tu: gari imenunuliwa kwa picha, aibu yake imeonekana bandarini Mkoani, utamrudishia nani, naye yuko Yokohama? Gari zilizotumika kaskazini ya Japani hupita katika njia zilizomwagwa chumvi wakati wa theluji, na picha haioneshi chini ya bodi. (Na atakayeinunua asipigane na redio yake. Nyingi za Kijapani zimefanywa kwa masafa ya kwao, hazifiki juu zilipo stesheni zetu nyingi, mpaka zitiwe kifaa. Nimepanda gari Sumbawanga iliyokuwa ikimsalimu dereva kwa Kijapani kila alipowasha, naye akiiitikia kwa Kifipa.)

Kwa hivyo mimi naona bora kununua kwa mtu, gari iliyopo, uione. Nenda asubuhi kabla haijawashwa, uguse boneti uone ni baridi. Moshi wa buluu ikiwaka ni oili inaungua. Chomoa kijiti cha mafuta ya giaboksi unuse: yakiwa meusi na yananuka kuungua, rudi kwako. Ingia chini uangalie kutu, usione haya kuchafua kanzu. Saa ya kilomita usiiamini peke yake, maana hurudishwa nyuma. Itazame pamoja na pedali ya breki na usukani, kwani vitu hivyo huchakaa na havisemi uongo. Namba ya chesisi ilingane na ya kadi, na jina la kwenye kadi liwe la huyo anayepokea fedha. Ukiambiwa kadi iko kwa mwenyewe wa kwanza, au kwa dalali, gari hiyo si yake ya kuuza. Na Bara, faini za Polisi wa Usalama Barabarani hufuata namba ya gari, si dereva, kwa hivyo zitazamwe kabla ya kulipa.

Sasa narudi kwenye karatasi iliyoko ofisini. Neno linalonitisha humo si motokaa, ni yale maneno matatu: "kwa misimu miwili." Hapana mwanachama asiyejua kwamba mkarafuu hauzai kwa wingi kila mwaka. Mwaka mmoja hujaa, kisha hupumzika, na mavuno makubwa hurudi baada ya miaka mitatu au minne. Anayekopa mwaka huu wa neema, akaahidi kumaliza kwa misimu miwili, ameiweka ahadi yake juu ya mti uliolala. Gari nayo hailali. Bima yake, tairi zake na petroli yake ni zile zile mwaka wa pishi mia na mwaka wa pishi kumi.

Ufipa wamekwisha kuyaona haya. Mwaka 2017 Serikali ilipozuia mahindi kupelekwa nje ya nchi, bei iliporomoka Rukwa, na mahindi yakabaki ghalani mwa wakulima. Mkulima mmoja mzee wa upande wa Laela alinieleza kwamba mwaka huo waliokuwa wamechukua gari kwa ahadi ya mavuno waliziuza zote kwa wakati mmoja, na kwa kuwa wauzaji walikuwa wengi na wanunuzi hawapo, gari zikaenda kwa bei ya kutupa, na deni likabaki pale pale. Yeye hakuuza, kwa sababu yake aliinunua kwa fedha taslimu, ndogo, na alipokosa petroli aliiegesha chini ya ukuta miezi saba, kuku wakaangua humo. Hakuwa anadaiwa na mtu.

Mfuko wetu si wa watu wenye gari peke yao. Ni fedha za wajane waliorithi mikarafuu sita, na za vijana wanaootesha miche ambayo itachukua miaka sita mpaka minane kabla ya kutoa karafuu ya kwanza. Mkopo wa motokaa ukikwama kwa watu kumi, fedha za kuwalipia wachumaji msimu ujao hazitakuwapo, na karafuu zitapevukia mtini.

Katika mkutano mkuu nitaleta mapendekezo haya: mkopo usizidi nusu ya bei ya gari, ulipwe kwa misimu minne na kwa kiasi kinachofuata mavuno ya mwanachama, gari ikaguliwe na fundi asiyejuana na muuzaji, na injini yake isizidi lita mbili. Mabwana waliotia saini wakilikataa sharti hilo la mwisho niko tayari kuzungumza nao. Yale matatu ya mwanzo nitayapigia kura hata nikiwa peke yangu.

Katibu